Kopo la Mama Upawa

"Chumvi imekolea?" aliuliza msaidizi.

Mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda alichota mchuzi, akaonja. Wafanyakazi walimwita Mama Upawa, maana upawa ulikuwa haumtoki mkononi.

"Bado kidogo," alisema, akaonja tena. Kisha akaonja maharage. Akaonja na viazi. Halafu kipande cha nyama, kuona kama kimeiva. Sasa mpishi asipoonja, nani ataonja?

Zamani mama huyu alikuwa mnene mpaka magoti yakamshinda. Alijinyima chakula, akapungua kweli kweli. Jamani, alifurahi! Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikaa ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Bibi akawa anapanda mwenyewe kwenda kumpakata mjukuu.

Lakini sasa unene ulianza kurudi. Jumapili moja alifika ghorofa ya pili tu, akashika ukuta, pumzi juu juu. Magoti yalikataa katakata. Binti akashuka na mtoto.

"Mama, nimekuletea mjukuu wako."

"Mimi si wa kuletewa mjukuu kama kifurushi!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Ataanza kutembea huko juu, nami niko chini!"

Mlango wa hapo ukafunguliwa. Alikuwa jirani yao, muuguzi.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, nina nini mimi? Sahani yangu ya nyumbani ukiiona, utanihurumia!"

"Na kazini je?"

"Kazini sili. Naonja tu."

Muuguzi akatabasamu. "Basi kesho, kila ukionja, chota kiasi hicho hicho, weka kwenye kopo. Jioni ulitazame."

Jioni? Wapi! Kopo lilijaa kabla ya chakula cha mchana. Mama Upawa akatafuta la pili, nalo likajaa. Macho yakamtoka.

"Hee! Chakula chote hiki kimepita mdomoni mwangu? Mwizi nimemkamata, naye ni mimi!"

Wasaidizi walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye akacheka, kwa sababu sasa alijua pa kuanzia. Jioni alikwenda mbio kwa muuguzi na makopo yake.

"Kupungua ni kazi, na kubaki hivyo ni kazi nyingine," muuguzi alimweleza. "Mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Usishinde njaa, mama. Pima. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe wali au viazi. Robo iwe maharage, samaki au nyama. Pakua mara moja, ule umekaa, polepole."

"Na kuonja? Nisipoonja nitafukuzwa!"

"Onja, lakini kwa kijiko cha chai. Upawa ni wa kupakulia!"

Tangu siku hiyo, kabla ya kuwapakulia wengine, Mama Upawa alijaza chakula chake kwenye kopo moja kwa kipimo hicho, akalifunika. Mwanzoni tumbo lilinung'unika. Wafanyakazi nao wakamtania, "Ongeza nyama, mama, leo tamu!"

"Nimeshapakua changu," alijibu, "na naujua utamu wake, nimekipika mimi!"

Polepole unene uliorudi ukaanza kuondoka. Ngazi nazo akazizoea tena.

Jumamosi moja alikuwa ndiyo kwanza anafika mlango wa chini wa jengo, simu ikaita.

"Mama, kaachia kiti! Kasimama peke yake!"

Weee! Bibi akazivamia ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ya pili, muuguzi alikuwa mlangoni.

"Pumzika kidogo, mama!"

"Nitapumzika juu!"

Ya tatu. Ya nne! Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, anayumba. Bibi akapiga magoti, yale yale yaliyokuwa yakimtesa, akanyoosha mikono.

"Njoo, njoo kwa bibi!"

Hatua moja. Ya pili. Ya tatu mtoto akamwangukia kifuani.

"Mama, umeona?" binti alipiga kelele kwa furaha.

"Nimeona!" alisema bibi, akihema na kucheka. "Nimeona kwa macho yangu mwenyewe!"