Mwenyeji wa Kisiwa

Kila asubuhi Akiru alichota maji bombani, akafagia ua wa nyanya yake Nawoi, akanywa chai ya rangi, kisha akashika njia ya shule pamoja na rafiki yake Nyakong. Nyakong na mama yake walitoka Sudan Kusini na waliishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Akiru naye alikuwa mgeni wa aina yake, maana alikuwa amehamia Kakuma mwaka huo tu. Kabla ya hapo aliishi Lodwar kwa baba yake.

Ijumaa moja Mwalimu Adome alibandika picha ukutani. Kulikuwa na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya yakitoa moshi wa maji, na milima ya Himalaya iliyojitanda theluji, na taa za rangi zinazocheza angani kaskazini kabisa mwa dunia. Alieleza kwamba watu huvuka bahari kwenda kutazama tu, kisha hurudi makwao wameridhika. Picha ya mwisho aliificha nyuma ya mgongo.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Ziwa limebeba mlima, na mlima umebeba ziwa."

Ejore, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alijibu kwamba ni mama mjamzito aliyejitwika mtungi. Darasa likacheka. Mwalimu akaomba mji, wakampa Lokichoggio, akala, akashiba, akatoa jibu: Kisiwa cha Kati, katika Ziwa Turkana. Ni mlima uliotoka majini, na ndani ya mlima huo mna maziwa mengine madogo yenye mamba.

"Hiki hatuhitaji ndege kukifikia," akasema. Shule ilikuwa imepata gari na mashua, na darasa lile lingesafiri mwezi ujao.

Wakati wa mapumziko kila mmoja alitaja alichowahi kuona. Nyakong aliusimulia mto Naili ulivyofurika. Ejore akamgeukia Akiru.

"Na wewe wa Lodwar? Umeona nini huko, stendi ya basi?"

Akiru alihisi uso unawaka. Akasema amefika Kisiwa cha Kati, na alipelekwa na mjomba wake mvuvi. Neno likishatoka halina kamba ya kulirudisha. Habari zilimfikia mwalimu, naye akafurahi, akasema Akiru atakaa mbele ya mashua na kuwaeleza wenzake kila kitu. Watoto wakambandika jina: Mwenyeji wa Kisiwa. Jina lile lilikuwa tamu, na Akiru akazidi kulitia sukari. Mashua haiyumbi, alisema. Ziwa limelala kama mkeka.

Kati ya wote, aliyeyashika sana maneno hayo ni Nyakong. Yeye aliogopa maji. Walipokuwa wakiikimbia vita, mtumbwi wao ulipinduka mtoni, na tangu siku hiyo hata dimbwi alilizunguka. Lakini kwa kuwa rafiki yake amefika na kurudi salama, alimwambia mama yake kwamba naye atakwenda.

Basi jioni moja Mama Nyakong alifika kwa nyanya Nawoi. Walisalimiana kwa Kiturkana, "ejok," "ejok noi," akapewa kigoda. Akaeleza kwamba anatakiwa kutoa ruhusa kesho, na kabla ya hapo anataka kumsikia mtoto aliyefika kisiwani.

Nyanya Nawoi alishangaa kidogo, kwa kuwa habari hiyo ilikuwa ngeni kwake. Lakini hakumwita mtoto mwongo. Kwa wafugaji kama yeye, mtu atokaye mbali haulizwi kwanza uzuri wa alikofika. Huulizwa njia, kwa sababu wengine watapita njia hiyo hiyo na mifugo na watoto. Kwa hiyo alimkalisha mjukuu wake na kumuuliza kama anavyoulizwa msafiri mtu mzima. Mliondoka saa ngapi? Upepo ulitoka wapi? Mlipofika, mlipumzika kivuli gani? Maji ya kunywa mliyapata wapi?

Akiru alijibu kwamba walikunywa maji ya ziwa, matamu kama ya bomba. Nyanya akaacha kuuliza. Kila aliyefika Kalokol, kando ya ziwa, anajua kwamba maji yale yana ladha ya magadi.

Mama Nyakong hakulijua hilo. Aliinama akamshika Akiru mkono.

"Mwanangu, mimi nina huyu mmoja tu. Wenzake wawili walibaki mtoni. Niambie wewe uliyefika: nimruhusu?"

Akiru aliutazama ule mkono. Kuambiwa mwongo lilikuwa jambo zito, na pengine mwalimu angemwacha nyumbani. Lakini hili la Nyakong lilikuwa zito zaidi.

"Sijafika," akasema. "Niliona picha tu. Hata mjomba mvuvi sina."

Mama Nyakong aliachia mkono. Hakumkaripia, akainuka na kusema kwamba basi binti yake haendi. Akiru alilia. Nyanya hakumbembeleza. Alimwambia kwamba kukiri kosa ni nusu tu, nusu nyingine ni kulitengeneza.

Asubuhi Akiru alimweleza mwalimu yote, mbele ya Ejore na wenzake, kisha akamwomba amtafute mtu anayeijua njia kweli. Mwalimu alimwita Mama Nyakong shuleni, akampigia simu mwenye mashua kule Kalokol, na kumpa mama azungumze mwenyewe. Yule mtu hakupamba. Mashua huyumba, alisema, na watoto wengine hutapika. Ziwa likichafuka hawaondoki, hata kama watu wamekuja kutoka Nairobi. Kila mtoto huvaa jaketi la kuelea. Mamba hutazamwa kutoka juu, hakuna anayeshuka majini.

Mama Nyakong alirudisha simu, akafikiri.

"Haya ni mabaya kuliko aliyonieleza mtoto," akasema. "Lakini sasa najua ninamtuma wapi. Aende."

Siku ya safari walilala Lodwar, na kesho yake wakaenda Kalokol, wakavuka. Nyakong alitapika mara mbili, akamshika Akiru hadi kucha zikaacha alama, lakini alifika. Walipanda mlima mweusi, jua likiwachoma visogo, na juu kabisa wakasimama. Chini yao ziwa la kijani lilikuwa limetulia katikati ya majabali, na mamba wamelala kando yake kama magogo.

"Mwenyeji, tueleze basi," Ejore akatania.

"Ndiyo kwanza nakiona," Akiru akajibu. "Uliza mwingine."

Walicheka, naye akacheka nao. Mwalimu Adome aliwakalisha kwenye mawe.

"Dunia ina mahali pengi pa kupendeza," akasema, "na si aibu kuwa hujafika. Asiyefika, akisema hivyo, atapata wa kumpeleka. Lakini anayedanganya kwamba ameshafika, nani atahangaika kumpeleka? Tena huwadanganya na wanaomfuata, na wao ndio huzama. Semeni kweli, watoto wangu, hata ikiwa ndogo."

Kisha akawapa chupa za maji, wakanywa, wakaendelea kutazama.