Shomoro Kwenye Tundu la Hita

Mshonaji alikuwa ametundika gauni jeupe chini ya turubai la mlangoni ili lipigwe na upepo. Alipolishusha, begani palikuwa na kinyesi cha ndege, kibichi kabisa.

"Gauni la bibi harusi!" alifoka. "Linachukuliwa kesho! Njoo uone walichonifanyia shomoro wako!"

"Tangu lini wakawa wangu?" alijibu mumewe, huku akivaa viatu vya kazi.

Mume alikuwa dereva wa greda. Kampuni ya barabara iliwapa wafanyakazi wake matrela ya kuishi. Hizo ni nyumba ndogo zenye magurudumu, zinazovutwa kazi inapohama. Trela lao lilikuwa na vitanda, jiko la gesi, bafu la kubana na cherehani moja.

"Ni ndege tu, mke wangu. Watahama wenyewe."

"Kila siku ni ndege tu! Wakikunyea kichwani utasema hivyo hivyo?"

Mume akaondoka kwenda kazini. Mshonaji akabaki anachemka. Mara akamwona shomoro akiingiza majani kwenye tundu la ubavuni mwa trela. Alichukua vitambaa chakavu, akavishindilia humo kwa mpini wa ufagio.

"Haya, ingieni sasa!" alisema.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha na baridi ikauma. Binti yao wa darasa la sita alifunga madirisha, akawasha hita ya gesi ya kupashia maji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu miezi ya joto ianze. Akaingia bafuni. Mama yake alikuwa nje chini ya turubai, anasugua doa la gauni.

Alisikia kishindo. Alipofungua mlango wa bafu, binti alikuwa chini, shingo imelegea.

"Mwanangu! Jamani, nisaidieni!"

Jirani alifika mbio. Alikuwa fundi wa gesi, mwanamke ambaye kambi nzima ilimwita Dada Bomba. Walimtoa binti nje. Kisha fundi akafunga mtungi wa gesi na kufungua madirisha yote. Binti alitapika, akafumbua macho. Gari la kampuni likamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni.

Jioni mshonaji na mumewe walirudi naye, dhaifu lakini mzima. Walimkuta Dada Bomba ubavuni mwa trela, kwenye lile tundu, ameshika vitambaa na majani makavu.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi," mshonaji alisema. "Nilikasirika."

"Ulikasirikia ndege, ukamziba pumzi mwanao! Dada, hili ni tundu la kutolea moshi wa hita. Likizibwa, hewa ya sumu inarudi ndani. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, halafu basi. Hata majani ya ndege peke yake yanatosha kuua."

Mshonaji alilia kwa hasira, safari hii akijikasirikia mwenyewe. Mumewe akanyakua ufagio.

"Leo nayafagilia mbali haya mauchafu yote!"

"Weka chini, shemeji!" Dada Bomba alimkemea. "Kinyesi kikavu hakifagiliwi. Vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Vaa glovu na barakoa. Lowesha kwa maji ya sabuni kwanza, kisha futa."

"Na kile kiota kilichoko kwenye mwanya juu ya mlango, kilichochafua gauni?" mume aliuliza.

Fundi alipanda kwenye ngazi, akachungulia. "Kina makinda. Kiacheni mpaka yaruke, kama wiki mbili hivi. Msitundike nguo chini yake. Yakishaondoka, toeni kiota na mzibe ule mwanya. Hapa kwenye hita hapakuwa na mayai, kwa hiyo tunafunga wavu wa waya mara tu ukipatikana. Moshi utoke, ndege asiingie. Wavu uwe ule maalumu wa hita, na msiwashe mpaka niikague."

"Matrela mengine je?" mshonaji aliuliza.

"Yako kumi na moja. Kwenye matano nimeona majani ndani ya matundu. Nimemwambia msimamizi mara mbili."

Mshonaji hakungoja zaidi. Alienda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wa kambi, viatu vimejaa matope.

"Tunahitaji wavu kwenye kila trela."

"Nitaangalia, mama."

"Utaangalia lini? Ukishaona jeneza? Mwanangu ametoka kuvuta oksijeni! Siondoki hapa."

Akavuta kiti, akaketi. Msimamizi alimtazama, akamtazama tena, kisha akachukua simu.

Kesho yake wavu ulikuja. Dada Bomba alikagua hita zote, na kwenye trela la mpishi akatoa kiota kilichojaa tundu zima. Mpishi alikuwa na mtoto mchanga. Akaenda kumbeba, akamkumbatia.

Baada ya wiki mbili makinda yaliruka. Dereva wa greda alivaa glovu na barakoa, akalowesha, akafuta, akaziba mwanya.

Asubuhi moja ya baridi binti akaoga maji ya moto, dirisha likiwa wazi kidogo. Alioga kwa muda mrefu, huku akiimba kwa sauti mbaya. Mama yake hakumwambia anyamaze.