Kope Zikitazama Juu

Kuuliza si ujinga. Ndiyo maana jioni ile, giza likianza kuingia, fundi cherehani alivuka barabara kwenda kwa mjomba wake na swali dogo tu: beji ya jeshi hujulikanaje upande wake wa juu?

Asubuhi bibi mmoja mwenye sauti ya kunong'ona alikuwa amemletea koti la askari, la mumewe, la zamani za vita. Alitaka lifuliwe na beji ya mkono wa kushoto ishonwe upya, basi. Fundi akaibandua kwanza. Alipokata nyuzi alishangaa. Kwa ndani vitanzi vilikuwa vimelegea, kila kimoja kimeacha nafasi, kana kwamba koti lilishonwa pamoja na kitu kingine... kitu ambacho sasa hakikuwepo. Akasema aliyeishona alikuwa mvivu, akaendelea na kazi. Na kwa kupiga soga na mumewe, fundi mzima akasahau kuweka alama ya chaki kuonyesha juu ni wapi.

Beji yenyewe ilikuwa kitambaa cheusi chenye upinde mweupe, na vijistari vifupi vimetoka kwenye ule upinde.

"Jua hilo, linachomoza," mumewe alisema kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Mume huyu alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Mtaani walimwita Sanamu, kwa kuwa mkewe hupimia nguo za watu mwilini mwake, naye hujisifu kuwa ndiye sanamu pekee duniani anayekoroma. Basi akavaa koti, lilipokauka, likamkaa vizuri kabisa. Fundi akaipiga beji bandi, mishono ya muda tu, hapo hapo mkononi, vijistari juu, kama jua. Lakini roho yake haikutulia.

"Usilivue, bandi itafumuka," alimwambia. "Nakuja sasa hivi."

Mjomba alikuwa mtunza stoo ya sare jeshini, na hakuna beji asiyoijua. Fundi alimchorea kwa chaki juu ya meza. Mzee akatazama. Akaweka kikombe chini. Kisha akaufuta mchoro kwa kiganja, haraka, kama mtu anayeua mdudu.

"Umeiona wapi hii?"

"Ya mteja, mjomba. Ni jua?"

"Si jua, mpwa wangu. Ni jicho."

Akaenda kufunga dirisha kabla ya kuendelea.

"Haikutoka stoo kwetu. Kule mstari wa mbele kulikuwa na mtu akiwashonea vijana walioogopa kufa. Kope zikitazama chini, ni kitambaa tu. Zikitazama juu... jicho liko macho. Aliyeivaa halali tena. Wala hafi."

"Si heri hiyo, mjomba?"

"Niliwaona vita vilipokwisha. Walisimama tu, wanalinda. Sijui wanalinda nini. Ukimkata mmoja beji, analala chini, si mzima si maiti, mpaka ishonwe kwa mwingine."

"Na ikigeuzwa?"

"Ikishashika haigeuzwi. Inahamishwa tu." Akamtazama machoni. "Hujaishona mwilini mwa mtu, sivyo?"

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

Duka lilikuwa giza. Harufu ya baruti na udongo mbichi ilimpokea mlangoni, naye hakuwa na baruti dukani wala udongo. Mumewe alikuwa amesimama palepale alipomwacha, mgongo umenyooka, mtu ambaye miaka yote alilalamikia kiuno.

"Baba watoto..."

Fundi akasogea karibu.

"Baba watoto, vua hilo koti."

"Siwezi kuondoka hapa," alisema polepole. "Kuna kitu kinakuja."

Fundi aliwasha taa. Akashika mkasi, akakata uzi mmoja wa bandi.

Uzi ulikuwa wa moto.

Mumewe akaguna, na tone jeusi likachuruzika mpaka kwenye vidole. Fundi alipenyeza mkono ndani ya koti akapapasa. Uzi wake mwenyewe, alioununua dukani kwa mikono yake, ulikuwa umepita kwenye kitambaa ukaingia kwenye nyama. Alikaa chini akalia, kwa sababu ndiye aliyeshika sindano.

Hodi ikapigwa. Yule bibi alisimama kizingitini, macho yamevimba kwa machozi, lakini uso umetulia.

"Mume wangu amekata roho sasa hivi," alinong'ona. "Nilimwuguza tangu ujana wangu, mwanangu. Nilisikia wewe unapimia nguo mwilini mwa mumeo. Usinisamehe, sikuombi."

Akaweka shada la maua mezani, akaondoka.

Usiku kucha Sanamu hakukoroma. Alitazama barabara bila kupepesa, na kila mara fundi alipomgusa, shavu lilikuwa baridi zaidi. Kulipokucha fundi alimvutia pazia asionekane. Mara moja tu Sanamu alisema kitu, kwa sauti yake ya zamani, ya kuomba.

"Mke wangu, nimechoka. Nani atanipokea?"

Saa za kazi zilipofika, akaingia kijana kupunguza suruali. Mrefu, mabega mapana, mwenye adabu. Alimwamkia vizuri, akasifu duka. Fundi alimpima kifua mara mbili, ingawa suruali haihitaji kifua.

"Umeoa, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Nyumbani yupo nani?"

"Mama yangu tu. Ananitegemea mimi."

Fundi aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia, mumewe alivuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo. Fundi aliomba moyoni kijana aseme ana haraka, aseme atarudi kesho, aseme lolote. Kijana akatabasamu, akavuta stuli, akakaa.

"Ningoje hapo hapo," fundi akasema, akaingia nyuma ya pazia na mkasi.