Kitabu Kilichosomwa Bila Kufunguliwa

Kila Jumatano, kengele ya shule ikilia, Nabintu alitoka shuleni kwake, mtaa wa Mapendo, mbio hadi maktaba ya parokia, madaftari yakimgonga mgongoni. Humo mlikuwa na rafu aliyoipenda kuliko zote: historia fupi za vita vikubwa, kila vita katika kitabu kimoja.

Aliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi kuidanganya.

"Vita ni kama bugali," alimnong'oneza rafiki yake Joyeuse. "Maji, unga, kusonga. Soma ukurasa wa kwanza, soma wa mwisho, katikati weka mabomu."

Kwa mapishi hayo alikuwa amekwisha kusimulia vitabu tisa mbele ya mama Mukamazimpaka, mwalimu mstaafu aliyetunza maktaba. Kilibaki kimoja. Mtoto wa kwanza kutimiza vitabu kumi angepanda meli kwenda Bukavu kwenye mashindano ya wasomaji, na Bukavu ndiko alikoishi bibi yake Nabintu, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka mitatu. Nafasi ilikuwa moja tu. Aubin, mvulana wa darasa lake, naye alikuwa na tisa.

Jumatano hiyo Nabintu alisimama mbele ya wenzake, akakohoa kama mbunge, akaanza Vita vya Kwanza vya Dunia.

"Mrithi wa mfalme alipigwa risasi. Wakubwa wakakasirika. Askari wakasema, 'Tutarudi upesi.' Wapi! Baridi, matope, mabomu, pu! pu!" Alijitupa chini, akafa, akafufuka. "Mwisho, wakatia sahihi. Amani!"

Watoto walipiga makofi. Aubin peke yake alikunja uso, akakichukua kile kitabu mezani atafute swali la kumnasa. Akavuta ukurasa. Akavuta tena.

"Mama, hii kitabu haifunguki!"

Mama Mukamazimpaka alivaa miwani. Kitabu kilikuwa cha zamani, cha wakati ule karatasi zilipokunjwa na kushonwa bila kukatwa kingo. Msomaji mwenyewe alizitenganisha kwa kisu, ukurasa baada ya ukurasa. Hiki hakikuwa kimeguswa na kisu hata mara moja; ni ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu uliosomeka.

"Nabintu, mutoto wangu," mama alisema kwa upole wa kutisha, "umekisoma namna gani?"

"Nilichungulia kwa juu, mama." Akakiinamia, jicho moja limefumbwa, kama kuku anayetazama ndani ya chupa.

"Kurasa mia mbili na kumi na mbili?"

"Shingo iliniuma sana, mama."

"Bongo hiyo! Uongo!" Aubin alipiga kelele, na maktaba nzima ikapasuka kwa kicheko. Hata mama alilazimika kugeukia dirisha. Alipogeuka tena, hakuwa akicheka.

"Na vile tisa?"

Nabintu alitazama viatu vyake. Angeweza kuapa. Vile tisa vilikuwa vimekatwa vizuri, wala hakuna aliyekuwa na ushahidi. Aliikumbuka meli. Akamkumbuka bibi yake, ambaye angeulizia kila kitabu, tena kwa furaha.

"Vile pia, mama. Mwanzo na mwisho tu."

Mama alifuta daftarini alama za vitabu vyote tisa, kisha akampa kisu kidogo kisicho na makali. "Kaa pale. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kata, soma."

Nabintu alikata, akasoma. Siku mbili za kwanza alipiga miayo. Siku ya tatu alifika mwaka 1916, na miayo ikakoma. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakitoka upande wa Kivu kwenda Tabora, na mizigo yao ilikuwa vichwani mwa wapagazi, maelfu kwa maelfu. Wengi hawakurudi. Kitabu kiliwapa nusu ukurasa, bila jina hata moja.

Siku ya mwisho kabla ya safari ya Bukavu alisimama tena. Safari hii hakujitupa chini. Aliwasimulia wapagazi, na hakuna aliyecheka.

"Basi umemaliza?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nimefika ukurasa wa mia na arobaini."

"Kwa hiyo katika maisha yako umesoma vitabu vingapi?"

Nabintu alipiga hesabu. "Kimoja, kasoro kurasa sabini na mbili."

Kicheko kilirudi, lakini sasa alicheka nao.

Nafasi alipewa Aubin, aliyekuwa amemaliza cha kumi. Mama Mukamazimpaka aliweka mkono begani kwa Nabintu. "Aliyeandika amekwisha kufupisha miaka minne," alisema, ili wote wasikie. "Kila mstari aliobakiza umebeba watu. Ukiruka kurasa, unaruka watu, halafu unadai sifa ya safari ambayo hukutembea. Leo umesema kweli ijapokuwa imekugharimu. Kuna meli nyingine Pasaka. Ukimaliza hiki, ukavisoma vile tisa na kunisimulia vyote, utaipanda."

"Na katikati, mama?"

"Hasa katikati."

Pasaka ilipofika, Nabintu akiwa na vitabu kumi vya kweli, bibi yake alikuwa amesimama bandarini Bukavu, akiuliza kwa sauti tangu meli ikiwa mbali: "Nabintu! Umesoma nini?" Naye alianza kujibu kabla kamba haijafungwa.