Siku Levina Alipokosa Jibu la Utani

Usigeuze uso. Nawe ulimwona Levina, ukacheka na wenzako, ukaenda zako. Mtaa mzima wa Ng'ambo ulimwona. Macho tunayo, ila tunapenda kuyafumba.

Kila alipotoka shuleni, Apolinaria wa darasa la sita alipitia kibarazani ambako Levina, mama yake, alishona sare za wanafunzi. Mama alikuwa na miaka arobaini na minane tu. Apolinaria alifagia vipande vya vitambaa, akapiga pasi, huku akiingojea burudani ya kila siku: Hilari, fundi viatu wa jirani, amchokoze mama. Hilari ni Mgogo, Levina ni Mnyamwezi. Utani wao ni wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani na Wagogo wakawatoza malipo ya maji njiani.

"We Mnyamwezi!" Hilari hupaza sauti. "Mizigo ya babu zako imekupinda shingo?"

"Bora sisi tuliobeba," mama hujibu bila kuinua kichwa, "kuliko nyinyi mliouza maji ya Mungu!"

Mwaka ule majibu yakaanza kukauka. Kwanza mama alichelewa kujibu. Baadaye akawa anamtazama Hilari kama anayesemeshwa na mgeni. Mkasi akauita "kile cha kukatia". Akapotea akitoka sokoni, kwenye njia aliyoipita miaka ishirini. Apolinaria aliyaandika yote kwenye daftari, kwa sababu kila alipoyasema aliambiwa, "Mama yako kachoka tu."

Siku moja Veneranda, mteja wa siku nyingi, alikuja kuchukua shati la mwanawe. Mikono yote miwili ya shati ilikuwa ya kushoto. Akalitupa mezani.

"Levina, siku hizi unalewa mchana?"

"Pombe wapi!" Hilari akadakia. "Huyo kapandwa na mizimu ya wapagazi!"

Watu wakaangua kicheko. Levina hakujibu. Alilishika shati, akaligeuza na kuligeuza tena.

Apolinaria akasimama. "Mnacheka nini? Mama hanywi! Mjomba Hilari, mara ya mwisho mama kukurudishia utani ilikuwa lini?"

Hilari alijaribu kuitafuta siku hiyo kichwani. Hakukumbuka.

"Na Jumamosi shangazi anampeleka kwa mganga," Apolinaria akaendelea, machozi yakimtoka. "Anasema mtu wa umri huu hasahau ila amerogwa."

Hilari akavua aproni polepole. "Mwanangu, kazi ya mtani si kuchokoza tu. Levina akifa, mimi mtani wake nitaitwa kuchimba kaburi. Basi ningoje jembe, na miguu ya kwenda hospitali ninayo? Kesho tunakwenda."

Walikwenda watatu. Daktari Yasmini alilisoma lile daftari lote, akaagiza vipimo. Wiki kadhaa zikapita kabla ya kuwaita tena.

"Yapo magonjwa mengine yanayofanana na hili, na yanatibika," alisema. "Tumeyatafuta, hatukuyakuta. Hii ni dimensia, ugonjwa wa ubongo. Watu hudhani ni wa wazee peke yao, lakini hata mtu wa miaka arobaini humpata. Si ulevi, si uchawi, si uzembe. Dawa ya kuuondoa hatuna. Ila mmeujua mapema, na Levina bado anaweza kutuambia anachotaka."

"Nataka kushona," Levina akasema.

Basi anashona. Veneranda alirudi kuomba radhi, na sasa ndiye anayekata vitambaa. Hilari huandika kwa chaki "kulia" na "kushoto" kwenye kila mkono wa shati. Cherehani ya Levina bado inanyoosha mshono kama zamani. Utani nao haukufa, ila Hilari akishachokoza hunyamaza, akangoja. Juzi alingoja sana. Mwishowe Levina akatabasamu: "Wewe... muuza maji!" Hilari alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha akawageukia waliokuwa kibarazani. "Tulicheka miezi minane," alisema. "Watu wazima wenye macho! Mtoto ndiye aliyeona. Mtu akibadilika maneno, njia na kazi ya mikono yake, huyo si wa kuchekwa. Ni wa kushikwa mkono."

Nawe unaye jirani aliyebadilika, na jina lake unalijua. Funga kitabu. Nenda leo hii, uwaambie watu wa nyumbani kwake wampeleke hospitali.