Vigurudumu vya Saa Ndani ya Rangi

Lori la kumhamisha dada lilikuwa limeshaanza kusogea. Dada alikaa mbele na dereva, sufuria mapajani, na bado alikuwa anaongea. Kaka yake, fundi seremala, alitembea kando ya mlango huku ameshika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja na kopo kwa mwingine. Mke wa fundi alifuata nyuma.

"Hilo kopo usilifungue mpaka uwe na meza safi," dada alisema. "Ukipiga chafya tu, baba amepotea."

Lilikuwa kopo dogo la marhamu. Ndani mlikuwa na vigurudumu kumi na saba vya saa, mishale miwili na skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Baba yao alikuwa fundi saa. Hiyo ndiyo saa ya mwisho aliyoifungua. Alifariki kabla ya kuifunga.

"Nataka trei ya mbao," dada alisema. "Vigurudumu vionekane kama viko chini ya maji. Rangi iwe ya chai ya rangi. Nakuja kuichukua baada ya miezi miwili."

"Rangi niachie mimi, wifi," mke wa fundi alisema.

Dereva akabadilisha gia. Fundi akaachia dirisha.

Trei yenyewe haikumpa shida. Alichonga mbao, akaacha bonde katikati, kina chake unene wa kidole. Kisha akaenda dukani kununua resini, ile gundi ya chupa mbili inayogeuka kama kioo ikiganda. Chupa moja ni resini yenyewe, ya pili ni dawa ya kuikaza.

"Na rangi?" muuzaji aliuliza.

"Rangi nina mke," fundi alijibu.

Hakuwa anatania. Mkewe alikuwa ametia nguo rangi kwa miaka ishirini. Vidole vyake vilikuwa vya buluu mpaka kwenye fundo la pili, na mtaa mzima ulimwita Vidole. Kanuni yake ilikuwa moja. Nguo mbichi huonekana nyeusi, ikikauka hupauka. Kwa hiyo chungu kiwe kizito mara mbili ya rangi unayoitaka.

Akakoroga unga wa rangi ya nguo katika kikombe cha maji ya moto. Mumewe alipochanganya zile chupa mbili, yeye akamimina.

"Si imekuwa nyeusi?" fundi aliuliza.

"Itapauka. Wewe shika randa yako."

Alichovya kijiti, akakiinua. Tone lililoning'inia lilikuwa jepesi, rangi ya asali. Akaongeza tena. Wakapanga vigurudumu katika bonde la trei, wakamwaga resini juu yake.

Asubuhi trei ilikuwa na kitu cheusi chenye ukungu. Kigurudumu hata kimoja hakikuonekana. Fundi akakigusa. Kidole kikanasa.

"Ngoja ikauke," mkewe alisema.

Walingoja siku nne. Haikukauka, haikupauka. Siku ya tano mkewe hakufungua chungu cha rangi. Alikaa mbele ya trei, mikono mapajani.

"Baba mkwe nimemzika mara ya pili," alisema.

"Twende kwa Mama Vikombe."

Huyo alikuwa jirani yao. Alitengeneza vikombe na ngao za zawadi za shule, nyingi kwa resini.

"Mimi nikafundishwe rangi na mtu anayevaa kahawia mwaka mzima?"

"Basi baki. Naenda na trei."

Alipofika kwenye kona, fundi alisikia ndala za mkewe nyuma yake.

Mama Vikombe alivaa glavu, akafungua madirisha yote mawili, akadonoa ile resini kwa kijiti cha meno.

"Humu kuna maji," alisema.

"Kikombe kimoja tu," Vidole alijibu.

"Shoga, hata kijiko kingetosha kuiharibu. Resini na maji hawapatani. Inafanya ukungu, haikazi. Ila mshukuru Mungu kwa hayo maji. Ingekaza, tungekuwa tunaongea na jiwe."

Walikaa kwenye meza yake mchana kutwa. Waliokota vigurudumu kimoja kimoja kwa koleo ndogo, wakavisafisha kwa spiriti. Kumi na sita vilitoka vizima. Cha kumi na saba, kidogo kuliko vyote, kilikatika meno mikononi mwa Vidole. Resini mbovu waliikwangua, wakaitia kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye mtaro.

"Haya, nifundishe," Vidole alisema.

"Sema tena, sikusikia."

"Umesikia."

Mama Vikombe akaweka mezani vichupa vitatu vidogo. "Hizi ni rangi za resini. Hazina maji. Na zinapitisha mwanga, kama kioo cha rangi. Rangi ya ukutani inaziba, na ukishaiweka huoni kitu. Wewe unataka kuona."

"Naweka kiasi gani?"

"Tone. Ukoroge, uangalie. Halafu tone lingine. Usimimine. Ukizidisha, hata rangi nzuri inailegeza resini."

"Lakini kwenye kijiti ilikuwa nyepesi."

"Kwenye kijiti ni nyembamba. Ikiwa na kina, rangi inajilundika. Na haipauki kama nguo. Unachokiona kwenye kina chake ndicho utakachobaki nacho."

Akachukua kikombe kinachoonyesha, akamimina resini kidogo kufikia unene wa kidole, kina kilekile cha trei. Akatia tone moja la kahawia, akakoroga polepole. Kisha akakiweka kikombe juu ya gazeti.

"Soma."

Vidole akainama. Alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, tangazo la mtu anayeuza jenereta.

"Ukiweza kusoma, utaona vigurudumu," Mama Vikombe alisema. "Tia la pili."

Kwa matone mawili ilikuwa chai, na jenereta bado ilisomeka. Kwa matone matatu ilikuwa kahawa.

"Mawili," Vidole alisema. "Kwa resini yote tuzidishe kwa kipimo hichohicho."

"Ndiyo maana ulichelewa kuja. Unajua tayari."

Kwanza fundi alisugua trei, akaipaka kwa brashi resini iliyochanganywa na dawa, isiyo na rangi, ili mbao isinywe rangi. Ilipokauka, walitia rangi katika resini ya chupa ya kwanza kabla ya dawa ya kukaza. Dawa wakaipima kama maelezo ya chupa yalivyosema, bila kukisia. Wakakoroga taratibu, wakikwangua pembeni na chini ya kikombe, wasiingize mapovu. Wakapanga vile vigurudumu kumi na sita, wakamwaga. Wakaifunika kwa boksi vumbi lisiingie.

Kesho yake ilikuwa imekaza. Wakaiacha wiki nzima kabla ya kuisogeza.

Dada alikuja baada ya miezi miwili na siku tatu. Aliiinua trei kwenye mwanga, akahesabu.

"Kumi na sita," alisema.

"Kimoja nilikivunja mimi," Vidole alijibu. "Tulikosea mara ya kwanza. Sikutaka kuuliza."

Dada alihesabu tena. Kisha akaifunga trei kwa kanga, akaomba maji ya kunywa.

Dada anaishi huko alikohamia. Trei ameiweka kwenye kabati, mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha rangi hizo. Haitumii kuwapakulia wageni chakula. Fundi bado anatengeneza milango, na trei watu wakiagiza. Mama Vikombe aliumwa goti, akahamishia meza yake chumba cha chini. Vidole anatia nguo rangi siku nne kwa wiki. Siku zilizobaki yuko kwa Mama Vikombe, amevaa glavu, na madirisha yako wazi. Bado hawakubaliani kuhusu kahawia.