Mstari wa Mto

Jumatatu asubuhi mchoraji ramani alikuta mstari wake umehama. Ijumaa alikuwa ameuchora mto ulionyooka, akiunakili kutoka ramani kuukuu ya walowezi kama alivyoagizwa, na wino ulikauka akiutazama. Sasa mstari ulikuwa umepinda kushoto, na karatasi ilinuka tope. Akadhani wenzake wanamfanyia mzaha, maana ofisi ile haikosi wajinga, akaufuta na kuuchora upya.

Jioni hiyo binti yake wa miaka saba alishikwa na kiu. Akamaliza jagi zima, akaomba jingine, na midomo ikazidi kupasuka. Daktari alipima hiki na kile asione kitu. Jumanne mstari ulihama tena, mchoraji akaufuta tena, na aliporudi nyumbani alimkuta mtoto macho yamezama, analamba ukuta wa bafu.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza ni kazi gani hiyo anayoifanya siku hizi. Alipoambiwa, aliketi sakafuni pu. Mto ule ulikuwa wa watu wake. Kwao hakuna aliyeteka maji bila kwanza kurudisha kata moja ya maji mtoni, fungu la mwenyewe, jini la mto. Walowezi walipokuja walichimba mfereji, wakaupeleka mto kwenye mashamba yao, na waliojaribu kuyafuata maji wakafukuzwa kwa mbwa. Mwenyewe hakufukuzika.

"Jini lile halitaki ubani wala mbuzi," alinong'ona. "Linataka njia yake. Kila ukiifuta, linamnywa mtoto."

"Mama, nikiirudisha, njia yenyewe inapita wapi?"

Bibi alitazama sakafu. "Hapa tulipokaa."

Nyumba ile iliwachukua miaka kumi na moja kuijenga, na ramani ikishapitishwa, chochote kitakachoonekana ndani ya mto kitavunjwa. Usiku kucha mchoraji hakupata usingizi, roho ikimuuma kwa kuwa aliwaza kuta huku mwanawe anakauka.

Jumatano adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, alijifungia ofisini na kushika kalamu. Mara maji yakasikika nyuma ya kabati la mafaili, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha chini ya kiti chake, harufu ya tope ikajaa chumbani, na mkono wake, ambao hakuwa na hakika tena kama ni wake, ukafuata kila kona ya zamani bila kusita, ukapita shamba hili na lile, ukashuka bondeni, mpaka ulipofika ukingoni mwa kiwanja chao, na hapo akaukamata kwa mkono wa pili, akausukuma mstari pembeni kidogo tu, upana wa ncha ya kalamu, nani angejua.

Maji yakanyamaza. Simu ikaita: mama mkwe, sauti ikimtetemeka, alisema mtoto hataki maji tena, amelala.

Mchoraji alifika nyumbani anahema. Midomo ya binti yake ilikuwa imelainika, akamkumbatia, akalia kwa furaha, na ndipo alipohisi kwamba nywele zimelowa chapachapa. Bibi alikuwa amejibanza mlangoni, hataki kusogea.

Mtoto akafumbua macho. Tope jembamba lilimtoka mdomoni, likatiririka shingoni hadi kwenye shuka, na sauti iliyofuata ilikuwa nzito, haina haraka.

"Hapa umenipindisha," ilisema. "Kwa nini?"